Tusikilizwe Kabla Hatujaacha Dawa: Ilani ya Wanaomeza Vidonge vya Kolestro

Sisi tunaoweka majina yetu chini ya ilani hii tunameza vidonge vya kushusha kolestro. Wapo kati yetu waliovimeza kwa miaka, wapo walioanza juzi, na wapo walioviacha bila kumwambia mtu yeyote, hata mke au mume. Tunakaa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa. Tuna walimu wastaafu, dereva wa lori, fundi seremala, mama mwenye duka la khanga, na ndugu kadhaa waliopata kiharusi ambao mkono mmoja bado hauwatii.

Kolestro yenyewe haiumi, na hapo ndipo shida inapoanzia. Mtu huingia kliniki kwa miguu yake, akaambiwa mafuta yamezidi kwenye damu, akaandikiwa vidonge. Wiki chache baadaye mapaja yanauma, ngazi zinamshinda, usiku vigimbi vinakaza hadi anaamka. Akirudi kusema, anajibiwa, "Mzee, hayo ni ya umri tu." Habishi. Tumelelewa tusibishane na daktari. Anaitikia, anachukua cheti, ananunua dawa kama alivyoagizwa, kisha anaziweka juu ya kabati na hazishuki tena. Siku ya kliniki akiulizwa kama anameza, anasema ndiyo. Kipimo kinasoma juu, daktari anashangaa, anapandisha dozi. Sasa mgonjwa ana dozi kubwa zaidi ya dawa asiyoimeza, moyo wake hauna kinga, na maumivu yaliyoanzisha yote haya hayajaandikwa popote.

Tunaanzisha vuguvugu hili ili kukomesha kimya hicho. Dai letu kuu ni moja: mgonjwa akisema dawa inamuumiza, asikilizwe na achunguzwe kabla hajaiacha. Jina la vuguvugu hatujakubaliana. Yalipendekezwa majina mengi ya kishujaa tukayakataa. Watu wanaopanda ngazi kwa kushika ukuta hawawezi kujiita simba.

Kwanza tuseme tusichokisema. Hatusemi kwamba statini, yaani kundi zima la dawa hizi, ni sumu. Mjapani Akira Endo, akifanya kazi katika kampuni ya Sankyo jijini Tokyo, alipima zaidi ya aina 6,000 za kuvu akitafuta kitu cha kuuzuia mwili kutengeneza kolestro, na mwaka 1973 akakipata katika ukungu uliotoka kwenye mchele wa Kyoto. Statini ya kwanza kuuzwa, lovastatini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kolestro nyingi tuliyo nayo haitoki kwenye chipsi wala nyama ya mbuzi. Mwili wenyewe huitengeneza, hasa ini. Statini huzuia kimeng'enya kimoja kinachofanya kazi hiyo, na ini likipungukiwa huanza kuivuta kolestro mbaya, LDL, kutoka kwenye damu. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio la nchi tano za kaskazini mwa Ulaya, lenye wagonjwa wa moyo 4,444 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Katika kundi lililomeza vidonge visivyo na dawa walikufa 256. Katika kundi la simvastatini walikufa 182. Wale watu 74 ndio wanaotuzuia kusimama upande wa wanaohubiri kwamba vidonge vitupwe.

Kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, kuacha statini bila mbadala ni kucheza kamari na maisha. Kwa ambaye hajawahi, faida ni ndogo zaidi, na hutegemea umri wake, presha, sukari na sigara. Huyu wa pili ana haki ya kuelezwa faida yake yeye ni kiasi gani kabla ya kukubali kidonge cha maisha yote.

Sasa tufike kwenye jambo lililotugawanya, ambalo tumeamua kuliweka mezani. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walichapisha jaribio la watu 60 ambao wote walikuwa wameacha statini kwa sababu ya maudhi yake. Kila mmoja alipewa chupa 12, kila chupa ya mwezi mmoja: nne za statini, nne za vidonge visivyo na dawa, nne tupu. Kila siku waliandika kwenye simu wanavyojisikia. Miezi ya chupa tupu walipata nafuu. Miezi ya statini waliumwa. Lakini miezi ya vidonge visivyo na dawa nayo waliumwa, karibu vilevile: asilimia 90 ya mzigo ulioonekana kwenye statini ulionekana pia kwenye kidonge kisicho na kitu. Mwaka 2022 ukafuata uchambuzi wa majaribio 19 yenye watu karibu 124,000, uliochapishwa katika jarida la Lancet. Waliolalamikia misuli wakiwa kwenye statini walikuwa asilimia 27.1. Waliolalamika wakiwa kwenye vidonge visivyo na dawa walikuwa asilimia 26.6.

Mwenzetu mmoja aliposikia takwimu hizi alisimama akataka kuondoka. Aliona ameitwa mwongo. Tulimketisha, na tunarudia hapa tulichomwambia. Wale 60 hawakudanganya. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, na yalipungua kweli chupa ilipokuwa tupu. Kinachobishaniwa ni chanzo. Hofu, kuuvizia mwili kila asubuhi, habari za jirani aliyepooza "kwa sababu ya dawa", pamoja na magoti ambayo kweli yanazeeka, vyote vinaweza kuleta maumivu au kuyapachika jina la kidonge. Jambo linalosahaulika kwenye utafiti ule ni mwisho wake: nusu ya washiriki, baada ya kuonyeshwa michoro ya maumivu yao wenyewe mwezi kwa mwezi, walirudi kwenye dawa. Hakuna aliyewakaripia. Kuna mtu aliyewauliza kila siku kwa mwaka mzima wanajisikiaje, akayaweka majibu, kisha akawaonyesha. Daktari anayeuchukua utafiti huo na kumwambia mgonjwa "ni mawazo yako" ameusoma nusu.

Na uchambuzi wa Lancet nao una upande wa pili. Katika mwaka wa kwanza wa matumizi, statini iliongeza watu kama 11 wenye maumivu ya misuli katika kila 1,000. Ni wachache, ila wapo, na nani kati yetu ni mmoja wao haijulikani kwa kumtazama usoni mtu aliyekaa kwenye benchi. Maumivu ya statini yana tabia zake. Hushika pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa: mapaja, makalio, vigimbi, mabega. Huanza wiki au miezi michache baada ya kuanza dawa au baada ya dozi kupandishwa, na hutulia wiki kadhaa baada ya kuisimamisha. Goti la kulia linalosumbua tangu mwaka juzi lina kesi yake nyingine. Kumuuliza mgonjwa haya hakuchukui dakika tano.

Akishaulizwa, apimwe CK, kimeng'enya kinachovuja kuingia kwenye damu misuli ikiumia. Hapa tuna neno na madaktari wetu. Watu weusi, hata wakiwa wazima kabisa, kwa kawaida huwa na CK ya juu kuliko Wazungu, na fundi aliyebeba mbao jana atakuwa nayo juu zaidi. Namba moja iliyopimwa baada ya maumivu kuanza inaweza kumtia mtu hofu bure, au kumwachisha dawa isiyo na kosa. Tunaomba CK ipimwe kabla ya kidonge cha kwanza, angalau kwa wanaofanya kazi nzito na kwa wenye historia ya ugonjwa wa misuli, ili pawepo na cha kulinganisha. Apimwe pia tezi ya shingoni. Tezi hiyo ikifanya kazi kwa ulegevu hupandisha kolestro na kuumiza misuli kwa pamoja, kwa hiyo mtu anaweza kumeza statini miaka na miaka huku ugonjwa wake halisi haujaguswa.

Hatari kubwa kuliko zote ni misuli kuvunjika na mabaki yake kumwagika kwenye damu hadi figo zikashindwa. Ni nadra mno, watu wachache katika kila 100,000 kwa mwaka. Dalili zake ni maumivu makali, mwili kukosa nguvu, na mkojo wa rangi ya kahawa. Mwenye dalili hizi asimngoje daktari wake wala tarehe ya kliniki: asimeze tena, na aende hospitali siku hiyohiyo.

Hata kama vuguvugu hili halitafanya lolote jingine, litashughulikia mchanganyiko wa dawa. Mgonjwa wa kolestro kwetu ni nadra kuwa na kolestro tupu. Ana presha, ana sukari, pengine anatumia ARV, na wiki iliyopita alinunua antibayotiki ya kifua kwenye duka la dawa la mtaani. Kila dawa imetoka kwa mtu tofauti na hakuna aliyeziona zote pamoja. Simvastatini, ambayo WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2007, huondolewa mwilini na kimeng'enya ambacho dawa nyingi hukizuia. Erithromaisini na klarithromaisini hukizuia. Dawa za fangasi kama itrakonazoli na ketokonazoli hukizuia. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya ARV za mstari wa pili, hukizuia kwa nguvu kiasi kwamba simvastatini hairuhusiwi kabisa kutumiwa nayo. Hata juisi ya balungi ikinywewa kwa wingi ina athari hiyo. Kimeng'enya kikizuiwa, statini hujazana kwenye damu, na aliyemeza kidonge kimoja anakuwa kama aliyemeza kadhaa.

Kisha kuna amlodipini, kidonge cha presha ambacho wengi wetu tunacho nyumbani. Tangu mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani inaelekeza kwamba anayeitumia asizidishe miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Waulize wazee wako wanaotumia zote mbili kama wamewahi kuambiwa.

Mwenye kudhani haya ni ya vitabuni akumbuke serivastatini. Kampuni ya Bayer ilianza kuiuza mwaka 1997 na kuiondoa sokoni Agosti 2001, baada ya vifo 31 vilivyotokana na misuli kuvunjika kuripotiwa Marekani peke yake. Kati ya waliokufa, 12 walikuwa wakitumia pia jemfibrozili, dawa nyingine ya kushusha mafuta. Dawa ilikuwa imeshaidhinishwa na imeshapita majaribio. Ukubwa wa hatari yake ulionekana kwa sababu kesi ziliripotiwa, moja baada ya nyingine.

Wenzetu wanaoishi na VVU wasidhani milango imefungwa. Mwaka 2023 jaribio la REPRIEVE, lenye watu 7,769 wenye VVU katika nchi 12, Uganda ikiwemo, lilionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Maumivu ya misuli yaliwapata asilimia 2.4 ya walioimeza na asilimia 1.4 ya wasioimeza. Statini inayoelewana na ARV ipo. Tunachotaka kujua ni lini itakuwa kwenye rafu za kwetu kwa bei inayoshikika.

Kuhusu sukari tutasema kidogo. Statini huipandisha, ila kwa kiasi: uchambuzi wa mwaka 2010 ulikuta kwamba kwa kila watu 255 waliotibiwa miaka minne, mmoja zaidi alipata kisukari. Ambaye sukari yake iko mpakani apimwe mara kwa mara na aambiwe kwa nini. Na mwanamke anayetarajia kushika mimba amwambie daktari mapema, asingoje tumbo lionekane.

Jambo ambalo tungependa libandikwe kwenye kila ukuta wa kliniki ni la dozi. Watu hudhani ukipunguza kidonge nusu umepoteza nusu ya faida. Atorvastatini ya miligramu 10 hushusha LDL kwa zaidi ya theluthi. Ya miligramu 80, ambayo ni mara nane, huishusha kwa zaidi kidogo ya nusu. Kila dozi inapozidishwa mara mbili, nyongeza ni asilimia 6 hivi. Kwa hiyo anayeumwa kwenye miligramu 40 anaweza kurudishwa kwenye 10 na bado akabaki na sehemu kubwa ya kinga, kisha akaongezewa ezetimibe, inayofanya kazi kwenye utumbo na kushusha LDL kwa karibu moja ya tano. Anaweza kuhamishiwa rosuvastatini, isiyotegemea kile kimeng'enya kinachozuiwa na dawa nyingine. Wapo ambao madaktari wao huwapa siku moja, wakaruka siku moja. Anaweza kusimamishiwa dawa kwa wiki kadhaa, akatazamwa, akarudishiwa, akatazamwa tena. Hata saa ya kumeza ina nafasi yake: simvastatini humezwa jioni, lakini atorvastatini na rosuvastatini hazichagui saa, na anayefunga Ramadhani anaweza kuimeza wakati wa kufuturu au wa daku. Pamoja na njia zote hizi, wengi wetu tuliambiwa tuchague kati ya kidonge kilekile na kaburi.

Nafasi iliyoachwa na jibu hilo imejazwa na wauzaji. Kitunguu saumu kina heshima yake kwenye pilau na tunakiachia hapohapo. Mlonge, tangawizi na siki hatuna ugomvi navyo, ila asiyemeza kidonge kwa sababu anakunywa siki ajue kwamba moyo wake hauna mlinzi. Kichekesho ni mchele mwekundu uliochachushwa, unaouzwa mitandaoni kama tiba asilia isiyo na kemikali. Ndani yake mna monakolini K, ambayo ni lovastatini ileile, kwa kipimo ambacho hata muuzaji hakijui. Anayeikimbia statini anaweza kuwa anairamba kwa kijiko. Na wale wanaosambaza sauti za WhatsApp kwamba dawa hizi zinaua wasikie habari za Denmark: watafiti waliopitia rekodi za watu zaidi ya 670,000 waliona kwamba habari mbaya kuhusu statini zilifuatana na watu kuziacha mapema, na kuziacha mapema kulifuatana na mashambulio zaidi ya moyo na vifo vya moyo na mishipa. Ndiyo maana ilani hii tumeiandika kwa mkono mzito.

Kwa madaktari tunaomba siku ya kwanza mtuambie maudhi gani yanaweza kutokea, kwa Kiswahili cha nyumbani, na mtuambie turudi lini tukiyaona. Mtu aliyeonywa bila kutishwa hasiti kusema. Tukisema, andikeni. Kwa wafamasia na wauza dawa: anayenunua vidonge kumi kwa sababu fedha ya mwezi mzima hana, hukatiwa vidonge na karatasi ya maelezo hubaki dukani na boksi. Hata hiyo karatasi mara nyingi ni ya Kiingereza cha herufi ndogondogo. Mpeni maelezo kwa mdomo, na kabla hamjampa antibayotiki au dawa ya fangasi, mwulizeni kama anameza kitu cha kolestro.

Kwa mamlaka, TMDA kwa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, tunajua mnapokea taarifa za madhara ya dawa kutoka kwa wananchi pia. Mtaani hawajui. Uingereza ilianzisha kadi yake ya njano ya kuripoti madhara ya dawa mwaka 1964 baada ya janga la dawa ya thalidomaidi, na wagonjwa wenyewe waliruhusiwa kuitumia mwaka 2005. Sisi tumeruhusiwa bila kusubiri miaka 40, kisha tukaachwa tusijue. Fomu iwe kwenye kaunta ya kila famasi, kwa Kiswahili, na aliyeijaza apate jibu hata la mstari mmoja kwamba imefika. Kwa mashirika ya bima: mkilipia statini moja tu na kukataa nyingine pamoja na ezetimibe, mnalipia vidonge visivyomezwa, halafu baadaye mnalipia kitanda cha mgonjwa wa kiharusi.

Nasi tunajifunga. Hakuna mwanachama atakayemshauri mwenzake aache dawa au abadili dozi. Hiyo ni kazi ya daktari, na atakayefanya hivyo tutamwomba atupishe. Kushirikishana vidonge kati ya jirani na jirani kumekoma. Mitishamba tunayotumia tutaitaja kliniki, hata kwa daktari mkali. Anayetaka kuacha ataacha kwa kutamka, mbele ya daktari wake, na sababu ikiandikwa. Fedha hatutapokea kutoka kwa kampuni ya dawa wala kwa muuza virutubisho, wala fulana zao, wala chakula cha mchana hotelini. Ada itakuwa kile mtu alichonacho.

Kikao cha kwanza kitakuwa mara tutakapopata ukumbi wa bure. Ofisi ya serikali ya mtaa, msikiti au kanisa litakalotukaribisha, tutakwenda. Kila atakayekuja abebe dawa zake zote kwenye mfuko mmoja: za kolestro, za presha, za sukari, za maumivu, na chupa za mitishamba hata kama hazina lebo. Mfamasia aliyekubali kujitolea atakaa na kila mtu, atazisoma moja moja, na kila mtu ataondoka na orodha iliyoandikwa kwa mkono ya kumpelekea daktari wake. Chai itakuwepo. Maandazi tumeyapunguza, hatukuyaondoa.